Glasi ya Warde na jina la kanga

Ukisoma uzamili wa usanifu wa grafiki, humkwepi Beatrice Warde. Katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1930, alifananisha uchapaji mzuri na glasi safi ya mvinyo: tuone kilichomo, si glasi. Darasani kwetu imekuwa sheria. Kazi ikipiga kelele, inarudishwa.

Mimi tasnifu yangu ni ya kanga, na hapo Warde ananiacha njiani. Jina la kanga kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa, wazi, zisizo na madoido. Angezipenda. Lakini jamani, nani anasema hazionekani? Zimekaa ndani ya mji, zimezungukwa na pindo, zinapita mlangoni kwa jirani, na jirani anajua kabisa anasemwa yeye. Maneno yale yale kitabuni ni methali tu.

Warde alimfikiria msomaji aliyetulia na kitabu chake. Kwa huyo yuko sahihi, na insha yake bado ni tamu. Ila kanga ina mvaaji, na mvaaji ndiye msemaji. Basi kabla ya kuuliza kama herufi zimejificha, tuulize: nani anasema, na nani anaambiwa?