Udhuru na Kisingizio: Tahakiki ya Mswada wa Istilahi za Mbio za Farasi

Mswada unaojadiliwa katika makala haya una kurasa chache tu. Uliandikwa mjini Arusha na mfasiri ambaye hatutamtaja, kwa ajili ya watu wanaotaka kufuata mbio za farasi kwa Kiswahili na kukadiria ni farasi yupi atashinda. Mtu anaweza kuuliza kwa nini lugha yetu ijitaabishe na jambo hilo, hali Tanzania haina kiwanja cha mbio za farasi kinachojulikana. Farasi walioko chini ya Mlima Meru ni wa kupandwa na watalii, pamoja na wale wa mchezo wa polo huko pande za Usa River. Mnyama wa kazi kwa Mwarusha na Mmaasai ni punda. Mbung'o na ndwele ya farasi inayoenezwa na visubi vimemnyima farasi makazi katika sehemu kubwa ya nchi.

Hata hivyo hoja hiyo haitoshi kuutupa mswada. Jijini Nairobi, safari ya saa chache kwa basi kutoka Arusha, farasi wamekuwa wakishindana juu ya majani katika kiwanja cha Ngong tangu mwaka 1954, chini ya chama kiitwacho Jockey Club of Kenya. Katika Arusha yenyewe, vijana hukaa katika maduka ya kubeti wakitazama farasi katika skrini na kutia fedha zao. Kwa hiyo maneno yanahitajika, na maadamu yanahusu fedha za watu wasio na fedha nyingi, yafaa yawe maneno ya kweli.

Tuanze na makosa mepesi. Neno la Kiingereza "draw", ambalo katika mbio hizi ni nafasi aliyopangiwa farasi kwa kura katika milango ya kuanzia, limefasiriwa "sare". Msomaji aliyezoea mpira atasoma "sare ya tano" na kudhani farasi watano wamefika pamoja. Neno "going", yaani hali ya ardhi siku ya mbio, limekuwa "kwenda", na tunapata kauli ya ajabu kwamba farasi fulani "hapendi kwenda laini". Majani ya kiwanja yameandikwa "tafu", kwa kufuata sauti ya Kiingereza, bila kujali kwamba kwetu kumpiga mtu tafu ni kumsaidia. Haya yote yanaponywa kwa maneno tuliyo nayo: nafasi ya kuanzia, hali ya ardhi, majani. Mkulima wa Tengeru hahitaji kufundishwa tofauti ya ardhi ngumu, ardhi ya wastani, ardhi laini na tope. Ameyatembea yote manne katika mwaka mmoja, kutoka kiangazi cha vumbi hadi katikati ya masika.

Neno "handicap" lina uzito zaidi. Mfasiri ameandika "ulemavu". Bila shaka alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoiona. Asili ya neno hilo ni mchezo wa zamani wa Waingereza wa kubadilishana vitu, ambapo watu walitia mikono yao katika kofia. Baadaye likaingia katika mbio za farasi, na maana yake huko ni kinyume cha ulemavu: farasi aliye bora ndiye anayebebeshwa uzito mkubwa, ili aliye dhaifu apate nafasi ya kushindana naye. Katika karne ya 19, Admeri Rous wa Uingereza aliifanya kazi hiyo kuwa taaluma yenye majedwali, akipanga uzito kwa kufuata umri na uwezo wa kila farasi. Kumwita farasi anayebeba kilo 60 "mlemavu" kwa sababu ni hodari kuliko wenzake ni kumtukana yeye na kumpotosha msomaji.

Napendekeza "uzito sawazishi" kwa mzigo wenyewe, na "mbio za uzito sawazishi" kwa shindano la namna hiyo. Wapo watakaosema kwamba kusawazisha ni neno la mpira, kwa kuwa watangazaji husema "bao la kusawazisha". Ni kweli, lakini dhana haipingani. Katika mpira timu husawazisha matokeo, na katika mbio hizi ofisa husawazisha nafasi kabla ya matokeo. Jambo lililo muhimu zaidi ni kwamba Kiingereza hutumia neno moja kwa watu wawili: ofisa anayepanga uzito, na mtu wa kawaida anayesoma kumbukumbu ili abashiri mshindi. Mfasiri amefuata na kuwaita wote "mlemazaji", neno ambalo naomba lisionekane tena. Ofisa na awe msawazishi, na huyo mwingine awe mkadiriaji. Kazi zao zinapingana: msawazishi anataka farasi wote wafike pamoja, mkadiriaji anatafuta pale msawazishi alipokosea.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini hesabu hii inahitaji lugha safi. Katika mbio za mita 1,600 hivi, wakadiriaji wa Uingereza huhesabu urefu wa farasi mmoja kuwa sawa na karibu kilo 1 ya uzito. Tuseme farasi aliyebeba kilo 60 ameshindwa kwa urefu wa farasi wawili na mwingine aliyebeba kilo 54. Alibeba kilo 6 zaidi, na pengo lilikuwa na thamani ya kilo 2 tu. Kwa hiyo aliyeshindwa ndiye bora, kwa kiasi cha kilo 4. Mswada unaandika kwamba "alifeli". Hakufeli.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno "form", ambalo mfasiri ameliandika "fomu" bila kusita. Fomu kwetu ni karatasi ya kujaza, na kwa waliosoma zamani ni kidato. Siku hizi watangazaji wa michezo husema mchezaji "yuko kwenye fomu", na siwalaumu sana, kwani usemi hukua penye haja. Lakini tatizo la "fomu" halimo katika asili yake tu. Inaficha dhana mbili. Ya kwanza ni uwezo alio nao mshindani leo, na kwa hiyo tunalo neno zuri ambalo kila shabiki hulitumia: kiwango. Kiwango hupanda, hushuka, hurudi. Ya pili ni orodha ya mbio zilizopita, nafasi alizoshika, ardhi aliyokimbilia na uzito aliobeba. Hiyo ni kumbukumbu. Kumbukumbu haipandi wala haishuki, imekwisha kuandikwa. Kazi yote ya mkadiriaji ni kutoka katika kumbukumbu kuelekea kiwango, na lugha inayoziita zote mbili "fomu" inamfanya adhani amefika kabla hajaondoka.

Wakazi wa Arusha wana mfano wa karibu kuliko farasi. Alphonce Simbu, mwanariadha wa Singida aliyefanya mazoezi yake Arusha, alishika nafasi ya 17 katika marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Aliyeitazama kumbukumbu hiyo peke yake angemfuta. Mwezi Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na Septemba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ndogo sana hata saa zao zikaandikwa sawa, saa 2:09:48. Kumbukumbu ya Paris haikuwa ya uongo. Haikuwa kiwango chake, basi.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike makala haya. Kila mahali ambapo Kiingereza kinasema farasi alikuwa na sababu ya kushindwa, yaani alizibiwa njia, alianza kwa kuchelewa, alikimbia upande wa nje wa kona, alikuta tope asilolizoea, mfasiri ameandika "kisingizio". Ameunda hata safu nzima yenye kichwa "Visingizio". Neno hili linatokana na kusingizia, yaani kumtwika mtu jambo asilolitenda, au kujisingizia ugonjwa usiokuwapo. Kisingizio ni uongo kwa asili yake. Anayeandika kwamba farasi ana kisingizio amekwisha kumhukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Neno sahihi ni udhuru, na wala si geni. Kila aliyehudhuria kikao anajua kwamba katika kumbukumbu za mikutano kuna majina ya waliohudhuria, na majina ya waliotoa udhuru. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa na msafiri wana udhuru wa kutofunga, na hakuna anayesema wana kisingizio. Udhuru ni sababu inayokubalika baada ya kupimwa. Kisingizio ni kile kinachobaki udhuru unapokataliwa. Kiswahili kina maneno mawili hapa ambapo Kiingereza kina moja, na mfasiri wetu amechagua kuitupa mali hiyo. Naona ni hasara kubwa kuliko "ulemavu", kwa sababu "ulemavu" utachekwa na kusahihishwa, lakini "kisingizio" kitapita bila mtu kushtuka.

Mkadiriaji mzuri hupimaje udhuru? Kwanza huuliza kama ulionekana na mtu asiye na maslahi, au umeletwa na mwenye farasi baada ya kushindwa. Secretariat, farasi maarufu wa Marekani, alikuwa wa tatu katika mbio za Wood Memorial mwezi Aprili 1973, akiwa na jipu mdomoni ambalo daktari wa wanyama aliliona. Wiki mbili baadaye alishinda Kentucky Derby kwa muda ambao haukuwahi kufikiwa hapo kabla. Mwaka huohuo, alipohamishwa kutoka udongo kwenda kwenye majani, alishinda mbio zote mbili alizokimbia. Jipu lile lilikuwa udhuru: lilikuwapo, lilionekana, lilipona, na kiwango kikarudi.

Kisha huuliza kama jambo hilo limewapata wote. Mvua ya Ngong hainyeshi juu ya farasi mmoja. Tope linakuwa udhuru kwa yule tu ambaye kumbukumbu yake kwenye ardhi ngumu ni njema na kwenye ardhi laini ni mbaya, na kwa mwenzake tope hilohilo ni msaada, hivyo ushindi wake nao upunguzwe thamani. Wakadiriaji wengi husahau upande huu wa pili. Humtafutia udhuru aliyeshindwa, wasimtafutie aliyeshinda bahati aliyoipata. Na aliyetangulia peke yake bila kusumbuliwa, juu ya majani ambako mbio nyingi huanza polepole na kuamuliwa mwishoni, amepata bahati hiyo kwa wingi. Ni jambo jingine kabisa kutangulia kwa kasi ya kuua, kama alivyofanya Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia, na John Walker aliyekuwa nyuma yake naye akaivunja rekodi ya zamani.

Tena huuliza kama udhuru huo umejirudia. Farasi anayechelewa kutoka mlangoni mara moja amepatwa na mkosi. Anayechelewa mara nne ana tabia, na tabia ni sehemu ya kiwango. Mswada unamwandikia "kisingizio" mara zote nne, kana kwamba ni jambo jipya kila wiki.

Yuko pia mwenye udhuru asiyeutumia. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akafika wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Katika safu ya mfasiri wetu angeandikiwa "kisingizio: goti". Sidhani kama kuna Mtanzania ambaye angeukubali ukurasa huo.

Limebaki jambo moja zito, nalo halihusu tafsiri peke yake. Mfasiri anapendekeza safu zilezile za fomu na visingizio zitumike kwa farasi wa skrini katika maduka ya kubeti. Farasi hao hawana miguu. Hawana ardhi laini wala ngumu, hawabebi uzito, hawazibiwi njia. Mshindi huteuliwa na programu ya kompyuta kwa namba nasibu, na picha huchezwa kufuata namba hiyo. Farasi wa skrini aliyeshindwa mara tano hana kiwango kilichoshuka, wala hana udhuru utakaoondoka wiki ijayo. Ukimwandikia kijana wa Ngarenaro au wa Kijenge kwamba farasi namba 4 "ana kiwango kizuri", umemuuzia maarifa yasiyokuwapo, naye atajaza mkeka wake akiamini amekadiria, hali amebahatisha. Sheria yetu ya mwaka 2003 inaiita michezo hiyo kwa jina lake halisi, michezo ya kubahatisha, na Bodi inayoisimamia imebeba jina hilohilo. Istilahi zisifiche kile ambacho sheria imekitaja waziwazi.

Kwa hiyo mswada umerudishwa kwa mwandishi wake na maelekezo haya. Kiwango na kumbukumbu zitenganishwe. Msawazishi asichanganywe na mkadiriaji. Safu ya "Visingizio" ifutwe, iwekwe safu ya "Udhuru", pamoja na nafasi ndogo pembeni ya kuandika nani aliuona na kama uliwahi kutokea kabla. Sehemu ya farasi wa skrini iondoe safu hizo zote, ibakize namba ya farasi, malipo na matokeo. Neno "joki" kwa mpanda farasi wa mbio tumeliacha kwanza bila uamuzi, kwa kuwa wajumbe wawili wanalitaka na mmoja anasema "mpanda farasi" latosha. Wasomaji wenye maoni, hasa walio karibu na Ngong wanaoyasikia maneno haya yakisemwa na watunza farasi wenyewe, wanaombwa wayalete.