Kilwa: Nguo Tunaikumbuka, Muriri Tumemsahau



Mwanafunzi wangu mmoja hapa Chanika, ambaye wazee wake ni watu wa Kilwa, alinijia baada ya darsa akaniuliza: "Maalim, ni kweli wazee wetu waliuza kisiwa kwa nguo, na walionunua ndio waliotuletea dini?" Sikumjibu siku ile. Nilitaka kwanza kukirejea kitabu chenyewe.

Habari hiyo imo katika Kitab al-Sulwa, tarehe ya masultani wa Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala tuliyo nayo ilinakiliwa mwaka 1877, ikachapishwa London mwaka 1895. Jina lake lina maana ya liwazo, na yafaa tulikumbuke hilo tunapokisoma. Kiliandikwa baada ya Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, kuuvamia mji na kuupora mwaka 1505. Aliyepatwa na msiba hujiliwaza kwa kutaja utukufu wa wazee wake, na mwandishi huyu naye amefanya hivyo. Amewapanga masultani mmoja baada ya mwingine, na bila kalamu yake majina mengi yangepotea. Kwa hilo tunamshukuru.

Lakini wasimuliaji wetu wamechukua kipande kimoja tu: Ali wa Shirazi alifika kwa jahazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka. Hapo husimama. Kumbe kitabu hicho hicho kinasema kwamba wageni waliposhuka walimkuta Mwislamu pamoja na watoto wake, jina lake Muriri wa Bari, na msikiti ulikuwepo. Tena ni Muriri huyo aliyekuwa mkalimani baina ya mgeni na mfalme aliyeuza.

Basi tazama, msomaji! Mwandishi aliyekusudia kuwatukuza Washirazi hakuweza kuficha kwamba adhana iliwatangulia. Kosa lake ni kwamba Muriri amempa mistari michache, kisha hatumsikii tena. Kosa letu ni kubwa zaidi, kwani hata hiyo michache hatukuisoma.

Elimu ya wachimbuaji nayo haimkanushi Muriri. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akaona kwamba watu walikaa pale tangu karne ya 9 hivi, kabla ya majumba ya mawe. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua mabaki ya msikiti mdogo wa miti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 8. Na mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa pwani, Kilwa ikiwemo. Wengi wao walionekana ni mchanganyiko: upande wa akina mama ni Waafrika, na upande wa akina baba wengi walitoka Uajemi, kuanzia kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ya Shirazi si uzushi mtupu. Ila kitabu kimehesabu baba na kuwaacha mama waliowazaa na kuwalea watu wa mji ule.

Nayasema haya si kwa kumchukia mgeni. Uislamu haukatazi kumkiri aliyetoka mbali, lakini Sura ya Hujurat imetufundisha kuwa mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi, si mwenye nasaba ndefu. Anayejivunia Shirazi ili amdharau jirani yake Mmatumbi amekisoma kitabu kwa kiburi, na anayeinamisha kichwa kwa ajili ya zile nguo amekisoma nusu.

Juma lililofuata nilimwita yule kijana nikamwambia: "Mwanangu, kilichouzwa ni kisiwa. Dini haikuwa bidhaa, na mlango wa msikiti ulikuwa wazi kabla jahazi halijatia nanga." Alitabasamu, akaomba nimwandikie jina la Muriri katika ubao wake.

Wallahu aalam.