Uzalendo katika "Sauti ya Dhiki"

Linapotajwa neno "uzalendo" katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, aghalabu huwazwa tungo za kuwasifu viongozi na kuadhimisha siku za taifa. Kwa kipimo hicho Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa ajili ya waraka "Kenya: Twendapi?", hana nafasi miongoni mwa wazalendo. Hata hivyo, diwani aliyoitunga gerezani, "Sauti ya Dhiki", ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikatunukiwa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ni rahisi kuishia kwenye kinaya hicho. Mashairi yenyewe yana zaidi.

Tulitazame "Mnazi: Vuta N'kuvute", shairi la majibizano. Alii na Badi ni ndugu wanaogombea mnazi. Mfungwa angeweza kumfanya mpinzani kuwa dubwana lisilo na hoja. Mshairi huyu amempa ulimi, na kila dai hupata jibu lake. Msomaji hana budi kupima mwenyewe. Tena wagombanao ni ndugu. Tungo za kupinga ukoloni zilikuwa na adui aliyetoka nje. Hapa dhuluma imo nyumbani, na anayeikemea haukani udugu. Anadai fungu lake la nazi, wala hataki mnazi ukatwe. Nadhani uzalendo wa namna hii ni mgumu kuliko ule wa sifa, kwa kuwa hauna wa kumsingizia.

"Siwati", kwa upande wake, hutangaza msimamo waziwazi. Ni shairi la kishujaa, lakini kwa maoni yangu lina nguvu kidogo, kwani halimwachii msomaji la kuamua.

Huenda mtu akasema kwamba Kimvita kinaufunga uzalendo huu ndani ya Mombasa. Sikubali. Muyaka bin Haji naye alijibizana na mahasimu wa mji wake kwa lahaja iyo hiyo katika karne ya 19, na kwake "sisi" walikuwa watu wa Mvita, dhidi ya Lamu na Unguja. Abdilatif ameirithi mbinu hiyo ya kujibizana, lakini uwanja wake ni Kenya nzima. Mwalimu wa bara atalazimika kueleza kwamba "siwati" maana yake ni "siachi"; kazi hiyo haizidi dakika moja.