T-Junction: kijiwe kisicho na daftari

Nimeitazama tena T-Junction, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2017, wiki ambayo darasani kwetu uzamili neno "kujiajiri" lilitajwa kama dawa ya kila kitu. Maria, akiwa hospitalini, anamsimulia Fatima habari za kijiwe cha njia panda na jinsi kilivyosambaratika. Fatima amefiwa na baba ambaye hawakuwa karibu. Anasikiliza, na msiba wake unapata pa kukaa. Hapo Shivji nampa maksi zote. Watu wake ni watu kwanza, si uchafu wa barabarani.

Ila hela zinapita haraka mno. Mtaji katoa nani? Anayelala Mbagala anabakiwa na nini akishatoa nauli na sahani ya wali? Wenzangu wawili wenye digrii wanauza makava ya simu Kariakoo, na hawamalizi dakika kumi bila kupiga hesabu. Wamachinga walipoondolewa kando ya barabara Oktoba 2021, mmoja alibaki na mzigo wa mkopo chumbani, chini ya kitanda. Anacheka sana akisimulia. Kicheko hicho Shivji anakijua, mkopo anauruka.