Sarufi ya Mwenyeji na Haja ya Mgeni

Kila kitabu cha sarufi huandikwa kwa ajili ya mtu fulani, na mwandishi wake, ajue asijue, huchagua makosa ya kukemea kwa kuwatazama watu walio mbele yake. Jambo hili ni dogo kulitaja, lakini matokeo yake ni makubwa kwa wanafunzi wa Kiingereza ambao hawakuzaliwa nacho. Vitabu vya kudurusu misingi ya Kiingereza, yaani sarufi, vituo na matumizi ya maneno, aghalabu vimetungwa kwa watu walioinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama. Mgeni anapovifanya kuwa kipimo chake, hupokea maonyo mengi juu ya makosa asiyoyafanya, na hukosa msaada katika makosa anayoyafanya kila siku. Yafaa basi vitabu hivyo vitazamwe kwa haki: vilitoka wapi, vinafundisha nini, na vinamwacha nani nje ya mlango.

Mwaka 1762 Robert Lowth, mwanachuoni wa mashairi ya Kiebrania ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu kifupi cha sarufi ya Kiingereza. Katika tanbihi zake aliwakosoa hata watunzi wakubwa wa lugha yake, Shakespeare na Milton wakiwa miongoni mwao. Hata hivyo Lowth alikuwa mtu wa kiasi. Juu ya kuweka kihusishi mwishoni mwa sentensi, alikiri kuwa ni mazoea ya Kiingereza yanayofaa katika mazungumzo. Alipendelea tu kwamba katika maandiko mazito kihusishi kitangulie. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria katika New York kabla ya kuhamia Uingereza, alitunga sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana katika mji wa York. Alichota mengi katika kisima cha Lowth, na kitabu chake kikapigwa chapa mara nyingi pande zote mbili za Atlantiki. Katika safari hiyo ya kutoka mwalimu hadi mwalimu, ushauri wa adabu uligeuka kuwa amri. Lile ambalo askofu alilipendelea, watoto wa shule waliambiwa kuwa ni dhambi kulikosa.

Historia ya kanuni nyingine inafanana na hiyo. Wazungumzaji wa Kiingereza hupenda wakati mwingine kuingiza kielezi kati ya neno dogo "to" na kitenzi chake. Lowth hakulikataza jambo hilo. Katika karne ya 19 walitokea wakosoaji waliolichukia, na Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, alilisema vibaya katika kitabu chake cha mwaka 1864. Mojawapo ya hoja zilizotolewa ni kwamba katika Kilatini kitenzi cha namna hiyo ni neno moja lisilogawanyika. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alionyesha kuwa mara nyingi anayelikimbia kosa hilo huangukia sentensi mbaya zaidi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kutabasamu hapa. Katika lugha yake "kusoma" ni neno moja pia, lakini katikati yake huingia vitu bila kuona haya: kukisoma, kutokisoma. Kitabu kimeingia, ukanushi umeingia, na neno halikuvunjika. Mfano huu hauwezi kuhukumu Kiingereza, kwa maana kila lugha ina mwendo wake. Watosha kuonyesha tu kwamba lugha moja haiwezi kupimwa kwa pishi ya lugha nyingine.

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote katika vyuo vya Marekani ni kile cha William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichokipiga chapa kwa ajili ya wanafunzi wake mwaka 1918. Mwaka 1959 E. B. White, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikitengeneza upya na kukiongezea sura juu ya mtindo. Sifa zake ni za kweli. Ni kifupi, kina uchangamfu, na wosia wake wa kuondoa maneno yasiyo na kazi wafaa kuandikwa juu ya meza ya kila mwandishi. Lakini pale kinapoonya juu ya kauli ya kutendwa, kinajikwaa vibaya. Mwaka 2009, kitabu kilipotimiza miaka 50, mwanaisimu Geoffrey Pullum alionyesha kwamba katika mifano minne iliyotolewa kusahihisha kauli hiyo, mitatu haikuwa ya kauli ya kutendwa hata kidogo. Mmojawapo ulikuwa na muundo ambao Kiswahili kingeusema kwa "kulikuwa na".

Mwanafunzi wa Kiswahili asingedanganyika kwa urahisi hivyo. Lugha yake huitia kauli ya kutendwa alama yake katika kitenzi chenyewe: mlango umefungwa, barua imeandikwa. Zaidi ya hayo, humtenga mtendwa na kile kilichopatwa na hali tu. Kikombe kilichovunjwa kina mtu aliyekivunja, ajulikane asijulikane; kikombe kilichovunjika hakimtaji mtu. Anayejua tofauti hii tangu utoto ana taa mkononi. Kosa ni la kitabu kinachomwambia azime taa yake aingie gizani pamoja na mwenyeji.

Katika vituo hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko sheria nyingi zina kazi ya kweli. Hapana ushahidi bora kuliko kesi iliyohusu madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo ilikuwa imeorodhesha kazi zisizostahili malipo ya ziada kwa saa za nyongeza. Mwishoni ilitaja kufungasha bidhaa kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, na mbele ya neno la "au" hapakuwa na mkato. Je, kusambaza ni kazi ya peke yake, au ni kufungasha kwa ajili ya kusambaza? Madereva walisambaza, lakini hawakufungasha. Machi 2017 mahakama ya rufaa iliamua kuwa sheria ina utata, na kwa hiyo isomwe kwa faida ya wafanyakazi. Mwaka 2018 shauri lilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5. Strunk alikuwa ameutaka mkato huo. Magazeti mengi ya Uingereza huuacha. Funzo lililo chini ya ugomvi huo ni kwamba mwandishi ajiulize msomaji aweza kuelewa nini kinyume cha makusudi yake, kisha aweke kituo pale kinapomfungia njia ya kupotea.

Lakini hata katika vituo mgeni ana shida yake ambayo mwenyeji hana. Kiswahili husimulia kwa kufuatanisha vitenzi: akaamka, akanawa uso, akaenda zake shambani. Kiungo "ka" kinashikilia mnyororo wote, na mkato unatosha. Mwanafunzi huuhamisha mwendo huo katika Kiingereza, ambacho hakina kiungo cha namna hiyo, akaunganisha sentensi nzima tatu kwa mikato mitupu; mwalimu humpigia mstari mwekundu. Akiambiwa tu kwamba amekosa, atarudia kesho. Akielezwa kwamba alitegemea "ka" isiyokuwapo, ataelewa mara moja na hatasahau.

Matumizi ya maneno yana hadithi hiyo hiyo. Vitabu vingi vyasisitiza kwamba "fewer" litumike kwa vitu vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika. Ni desturi njema kuijua, kwa sababu wako wasahihishaji wanaoitazama. Lakini ilianza kwa pendekezo la Robert Baker mwaka 1770, ilhali "less" lilikuwa limetumika kwa vitu vya kuhesabika tangu enzi za Mfalme Alfred katika karne ya 9. Mwanafunzi wa pwani au wa bara hana ugomvi na maneno hayo. Taabu yake ni kwamba neno "kusikia" katika lugha yake hubeba sauti, harufu, njaa na baridi pamoja, hali Kiingereza huvigawia vitu hivyo vitenzi mbalimbali. Taabu yake ni kwamba "yeye" hamwambii kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinamdai ajibu kila mara. Taabu yake ni vijineno "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina mfano wake kamili. Na "amesimama" humpotosha zaidi ya vyote: "me" humvuta kwenye wakati uliotimia, kumbe Mwingereza katika hali hiyo husema kwamba mtu yumo katika kusimama.

Mambo haya hayamo katika Murray wala katika Strunk. Hayamo wala katika kitabu chema cha Sir Ernest Gowers cha mwaka 1948, alichowaandikia watumishi wa serikali ya Uingereza waache maneno ya kujivuna. Hakuna ubaya katika hilo. Mtoto wa York hakuhitaji kufundishwa "the", kama vile mtoto wa Unguja asivyohitaji kufundishwa kwamba kitabu huanguka kwa "ki" na mti kwa "u". Mambo ya ngeli alihitaji kuelezwa mgeni, na ndiyo maana sarufi ya Kiswahili ya E. O. Ashton ya mwaka 1944 iliyaeleza kwa kirefu. Kwa Kiingereza kazi kama hiyo ilifanywa na A. S. Hornby, aliyefundisha Japani. Kamusi yake ya wanafunzi, iliyotoka Tokyo mwaka 1942 na kuchapishwa tena Oxford mwaka 1948, ilionyesha kila kitenzi kinapenda kufuatwa na nini. Alijua la kuandika kwa sababu aliyaona makosa ya wageni darasani.

Katika Tanzania, ambako shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, jambo hili halikomei katika ubishi wa wanachuoni. Kijana mwenye akili huhukumiwa mjinga kwa sababu ya "a" iliyokosekana, na hupewa kitabu cha kumponya kinachozungumzia kihusishi cha mwisho wa sentensi. Humaliza kitabu akiwa na woga mwingi na maarifa machache. Kitabu cha kudurusu kinachomfaa chapasa kuanza pale lugha mbili zinapoachana, kiweke mbele mambo yanayobadili maana, na kiziweke nyuma, kwa jina lao la kweli, zile kanuni ambazo ni adabu za kundi fulani la watu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sarufi kubwa ya Kiingereza yenye juzuu 7, iliyotoka kati ya 1909 na 1949, ilikuwa kazi ya Otto Jespersen, Mdenmarki. Aliyaona ambayo wenyeji hawakuyaona, kwa kuwa hakuna lililokuwa la kawaida machoni pake. Mwalimu wa Kiswahili anayeyakusanya makosa ya wanafunzi wake na kutafuta chanzo cha kila moja anashika njia hiyo hiyo, na kitabu kinachokosekana katika mikoba ya wanafunzi hakiwezi kutoka kwingine.