Faili Irudi na Siri Zake

Bujora iko jirani na Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza. Wageni huifahamu kwa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambako ngoma za watemi zimetunzwa. Lakini vijiji vya Kisesa vina hazina nyingine isiyokaa kabatini. Tangu 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), tawi la Mwanza, wamekuwa wakipita kaya kwa kaya wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama, na kwa awamu wakipima maambukizi ya VVU.

Data ya namna hii haina mbadala. Ikipotea ya 1994, hakuna wa kurudi nyuma kuikusanya upya. Tena imebeba siri za watu. Isipotee, na isivuje: masharti hayo mawili yanaifanya kazi ya kuandika programu za nakala za akiba kuwa ufundi wa kuheshimiwa.

Wengi hudhani ni kunakili tu: fungua faili, soma baiti, ziandike kwenye diski nyingine, kwisha. Kwa njia hiyo yaliyomo yatafika, ila jina la mmiliki na orodha ya wanaoruhusiwa kuifungua vinaweza kubaki nyuma. Faili ya majibu ya damu, iliyokuwa ikifunguliwa na watu wawili, ikirejeshwa hivyo inaweza kuangukia mikononi mwa ofisi nzima.

Ndiyo maana Windows ina amri mbili za kazi hii, BackupRead ya kutoa na BackupWrite ya kurejesha. Ya kwanza huitoa faili kwa mikondo inayofuatana, na kila mkondo hutanguliwa na kichwa cha baiti 20 kabla ya jina lake, kama unalo: aina, sifa, ukubwa wa data, urefu wa jina. Aina namba 1 ni yaliyomo. Namba 3 ni usalama, yaani mmiliki na ruhusa. Programu husoma kichwa, ikajua kinachofuata, kisha ikachota data fungu kwa fungu hadi faili iishe. Halafu huita amri ileile mara moja zaidi ili kuachilia kumbukumbu iliyoshikiliwa. Mzembe huiruka hatua hiyo, na programu inayopitia maelfu ya faili huzidi kuelemewa.

Tarehe hazimo katika mikondo hiyo. Fundi anayeandika programu huzisoma kando, na wakati wa kurejesha huziweka mwishoni kabisa, kwa kuwa kuandika data hubadilisha saa ya faili.

Mfumo humwamini fundi huyu kwa jambo zito. Programu iliyopewa haki ya SeBackupPrivilege husoma hata faili ambazo mwenye kuiendesha hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Fundi mwenye adabu huiwasha haki hiyo inapohitajika tu, na nakala huifunga kwa usimbaji, kwa sababu ruhusa za Windows hazilindi diski iliyoibwa ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine.

Bado kuna hifadhidata iliyo wazi makarani wakiendelea kuingiza fomu. Ikisomwa hivyohivyo, mwanzo wake unaweza kuwa wa saa nne na mwisho wake wa saa nne na nusu. Huduma ya Volume Shadow Copy huishika diski ilivyo kwa nukta moja, na programu ikasoma taswira hiyo huku kazi ikiendelea.

Kisha huja jaribio ambalo fundi hodari halikwepi: kurejesha kila kitu kwenye mashine nyingine yenye akaunti zilezile. Hesabu ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya yaliyomo, ikilingana na ya faili ya awali, yaliyomo ni salama, ila haisemi lolote juu ya ruhusa. Kwa hiyo fundi huingia kwa akaunti isiyohusika na kujaribu kufungua faili ya majibu ya damu. Mfumo ukimkatalia, nakala imepita.