Jukwaa la Mpakani: Juu ya Kufundisha Istilahi za Tamthilia Busia na Tororo

Miongoni mwa vipindi vya Kiswahili vinavyowachosha wanafunzi wadogo, kipindi cha istilahi za tamthilia kimo mstari wa mbele. Jambo hili ni la kushangaza, kwa kuwa somo lenyewe linahusu mchezo. Mwalimu huandika ubaoni: tamthilia, mhusika, mwigizaji, hadhira, jukwaa, mandhari, maleba, tendo, onyesho, tanzia, ramsa. Mbele ya kila neno huweka maana yake. Wanafunzi hunakili, hukariri, na wakishatoka katika chumba cha mtihani huyaacha maneno hayo humo humo.

Makala haya yanakusudia kuihakiki desturi hiyo kwa kuzitazama shule za Busia, pande zote mbili za mpaka, na za Tororo iliyo kaskazini yake. Walimu wa huko hawana kosa kuliko wengine, la hasha. Tunapatazama kwa sababu hapo zinakutana historia mbili za Kiswahili, na mkutano huo unatuonyesha waziwazi hasara ya kufundisha istilahi kama orodha.

Hadi 1902 nchi ya Busia yote ilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Mwaka huo Jimbo la Mashariki lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa na mstari. Upande wa Kenya, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Upande wa Uganda njia ilikuwa na miiba. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini katika utawala wake wa 1971 hadi 1979 raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mtu mwenye bunduki: toka, lala chini, lete. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo sheria haifuti kumbukumbu. Wako wazee ambao hadi leo wakisikia Kiswahili husikia amri.

Basi mtoto wa Tororo aweza kuja darasani na Kiswahili kilichorithiwa kama lugha ya amri, na mtoto wa sokoni Busia na Kiswahili cha bei na mizigo. Vyote viwili ni Kiswahili halali, lakini ni finyu. Katika ratiba nzima ya shule hakuna somo linalompa mtoto nafasi ya kubembeleza, kushuku, kudanganya, kudhihaki, kukataa na kuomba radhi kwa Kiswahili, tena bila kumdhuru mtu, kama tamthilia inavyompa. Tukilifanya somo hilo kuwa orodha ya kukariri, tunaufunga mlango pekee ambao ungemtoa katika ufinyu huo.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. Kundi la kwanza ni la maneno yanayoonekana mageni ilhali jamaa zake mtoto anawafahamu. Tamthilia humtisha, lakini neno hilo ni ndugu wa methali na mithili, na yote yatoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kufanana. Anayeijua methali amekwisha kufika nusu ya njia. Hadhira ni jamaa ya hadharani, kuhudhuria na mahudhurio, neno analolisikia mwalimu anapolifungua daftari kila asubuhi. Onyesho latokana na kuona, na katika ukoo huo huo limo pia neno kuonya; mwanafunzi akilijua hilo hatasahau kwamba maonyesho ya wazee wetu mara nyingi yalionyesha na kuonya kwa pamoja. Mwalimu anayezifunua koo hizi hana haja ya kukaririsha.

Kundi la pili ni la maneno yanayopotosha kwa kuwa mtoto anayajua kwa maana nyingine. Jukwaa kwake ni pale wanasiasa wanapohutubia. Tanzia ni taarifa ya kifo aliyoisikia redioni. Akiambiwa kwamba mchezo fulani ni tanzia, atauliza ni nani aliyefariki, na swali lake lina busara, maana aghalabu yuko aliyefariki. Mwalimu aanzie hapo, kisha aonyeshe kwamba katika tamthilia hatutangaziwi msiba, bali tunaoneshwa njia iliyomfikisha mtu kwenye msiba huo. Neno mchezo nalo hubeba maana mbili, ya mpira na ya maigizo. Hapa mwanafunzi wa upande wa Uganda ana msaada karibu, kwa kuwa Kiganda nacho husema omuzannyo kwa mambo yote mawili. Kumkataza asiitaje lugha hiyo darasani ni kuutupa mkongojo alioushika.

Kundi la tatu ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni jozi ya mhusika na mwigizaji. Vitabu vingi hupita hapa kwa sentensi moja. Mhusika ni yule ambaye mambo ya hadithi yanamhusu. Mwigizaji ni mtu anayemwiga. Tofauti hii ikipuuzwa, mtoto aliyecheza nafasi ya mwizi huitwa mwizi hadi muhula uishe, na msichana aliyecheza mke mkorofi hukataa kuigiza tena. Katika Tororo na Busia maana yake huzidi. Anayeigiza askari wa kizuizini si askari. Aweza kuzitamka zile amri zilizowatisha babu zake, akazisikia mwenyewe zilivyo, kisha akavua kofia na kurudi kwenye dawati lake. Kofia ile ndiyo maleba. Na neno hilo, ambalo sauti yake haimwambii mtoto lolote, hupata maana kamili pale anapoivua.

Ni kwa njia gani basi maneno haya yafundishwe? Tuchukue mfano ulio karibu. Mwalimu achore mstari wa chaki sakafuni, awaambie wanafunzi kwamba huo ndio mpaka. Mmoja awe afisa wa forodha, wa pili mama mwenye mikungu ya ndizi, wa tatu mchukuzi wa magunia, wa nne msafiri aliyesahau hati zake. Wengine waketi watazame. Mabishano yakianza, mwalimu asimame kando na kuyaita mambo kwa majina yake kila yanapotokea: hapo mlipo ni jukwaa, ninyi mnaotazama ni hadhira, meza na gunia vinajenga mandhari, maneno ya mama na afisa ni mazungumzo, yale ayasemayo msafiri peke yake akitafuta hila ni uzungumzi nafsia. Kwa dakika arobaini orodha nzima imepita, na kila neno limeshikana na kitu kilichoonekana.

Wako watakaosema kwamba shule zetu hazina kumbi. Hoja hii haina nguvu. Wanafunzi wa Makerere walipoanzisha ukumbi wao wa kusafiri mwaka 1965, waliipeleka michezo kwa watu bila kutoza kiingilio na bila kungoja majengo. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliingiza ngoma, jando na utambaji wa hadithi katika sanaa hizo. Kwa hiyo mtoto wa Kiteso aliyekwisha kutazama ngoma ya akogo ameketi katika hadhira kabla hajalisikia neno lenyewe. Wala umri mdogo si kizuizi. Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyochapishwa 1957 na kuhesabiwa miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili, aliitunga alipokuwa mwanafunzi wa Alliance.

Mpaka huu wenyewe una somo la istilahi kwa anayetaka kujifunza. Neno bodaboda lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kati ya vituo vya Busia, nalo likaenea Afrika Mashariki nzima. Hakuna aliyeliandika ubaoni. Lilishika kwa sababu lilitamkwa na mtu mwenye kazi ya kufanya, mbele ya mtu mwenye haja ya kusikia.

Hatusemi orodha itupwe. Mtihani upo, na mwanafunzi anahitaji kuandika maana kwa ufasaha. Orodha ije mwisho, baada ya igizo, wanafunzi wenyewe wakizitunga fasili na mwalimu akizinyoosha. Pia walimu wa pande mbili wapatane juu ya maneno yanayotofautiana katika vitabu: kimoja huugawa mchezo kwa tendo na onyesho, kingine kwa sehemu na onyesho, na mtoto anayehamia ng'ambo ya mpaka hudhani amekutana na jambo jipya. Kikao kimoja cha walimu wa Busia zote mbili na Tororo chatosha kuondoa utata huo. Tunapendekeza kifanyike kabla ya muhula wa michezo ya kuigiza, na kila mwalimu aje na igizo fupi lililotungwa na wanafunzi wake.